Shavu limevimba na jino linauma, tusubiri uvimbe ushuke kwanza?

Dada mmoja kaniandikia jana usiku kutoka mkoa wa Lindi, naliweka swali lake hapa kwa ufupi alafu nijibu: "Dokta shikamoo. Mume wangu ana miaka 34, jino la mwisho la chini kulia linamuuma leo siku ya tisa. Duka la dawa walitupa amoksilini na diklofenaki akapata nafuu siku mbili tukajua yameisha. Juzi yamerudi makali na shavu limevimba mpaka chini ya taya, tumenunua tena dawa zilezile. Zahanati yetu haina mtu wa meno, hosptali ya wilaya ni saa moja na nusu kwa bodaboda. Mama mkwe anasema jino haling'olewi likiwa limevimba tusubiri uvimbe ushuke, na hela yenyewe hakuna mpaka mnada wa ufuta upite. Je tusubiri?"

Marahaba mdogo wangu. Msisubiri. Uvimbe ndo sababu ya kwenda, sio sababu ya kukaa nyumbani. Kama nusu ya watu wanaonijia na taya limejaa usaha wameambiwa na mtu wa nyumbani asubiri ushuke, na aliyewaambia alikuwa anawapenda kabisa, kwahiyo simlaumu mama mkwe wako ata kidogo, ila nataka leo uelewe kwanini wazo hilo limeumiza watu wengi.

Kabla ya yote fanya hivi sasaivi, washa tochi ya simu umwangalie. Mwambie afungue mdomo uone meno ya juu na ya chini yanaachana kiasi gani, mtu mzima wa kawaida anaingiza vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama, akiingiza viwili kwa shida au kimoja tu ujue maambukizi yameshafika kwenye misuli ya kutafunia. Mwambie ameze mate mbele yako. Mwambie atoe ulimi nje. Shika chini ya kidevu na chini ya taya pande zote mbili, kama pamekuwa pagumu kama ubao na ulimi ni kama umenyanyuliwa kutoka chini, au udenda unamtoka kwa sababu kumeza kunauma, au sauti imebadilika anaongea kama mtu aliyejaza ugali wa moto mdomoni, au hawezi kulala chali mpaka akae, au anahema kwa shida, basi acha kusoma hapa tafuta usafiri usiku huuhuu, ata kama ni saa nane. Hivohivo kama uvimbe umeshuka shingoni au umepanda jicho limefunga, au ana homa kali na anatetemeka, au anaongea vitu visivyoeleweka. Hiyo sio shida ya jino tena, hiyo ni shida ya njia ya hewa na ya damu.

Na kama hali ndo hiyo bodaboda sio chombo chake, ombeni gari kwa mtu yeyote kijijini, akae wima ameinamia mbele kidogo, msimlaze, msimlazimishe kula wala kunywa njiani.

Kama hana lolote kati ya hayo, mdomo unafunguka, anameza, anapumua vizuri, uvimbe uko shavuni tu, hapo mnaweza kulala ila asubuhi na mapema muwe barabarani. Chukua kalamu ya wino uchore mpaka wa uvimbe unapoishia kwenye ngozi, alafu uamke usiku umuangalie mara mbili tatu, uvimbe ukivuka ule mstari haraka au dalili mojawapo nilizotaja ikijitokeza msingoje kupambazuke.

Sasa nikueleze kinachoendelea mle ndani, maana ukielewa hili hutababaishwa na mtu. Jino lina gamba gumu nje na katikati lina nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tobo likichimbika mpaka kufika pale, ile nyama inavimba, ila imefungiwa ndani ya kuta ngumu haina pa kutanukia, ndo maana maumivu ya jino ni makali kuliko kidonda cha ukubwa uleule mguuni, na ndo maana usiku yanazidi, ukilala damu inaongezeka kichwani na presha mle ndani inapanda. Baada ya siku kadhaa ile nyama inakufa. Ikifa, maumivu yanakata ghafla. Hapo ndo watu wengi wanajidanganya wamepona wakati jino limekufa, na wadudu wanashuka taratibu kwenye ncha ya mzizi kutengeneza usaha ndani ya mfupa. Zile siku mbili za nafuu mlizozipata zinaweza kuwa hizo, au dawa iliwapunguza wale wadudu waliokuwa wametoka nje ya mzizi, au vyote viwili.

Na hapa ndo kwenye kosa kubwa la nchi nzima, sisi wote, wauza dawa na ata baadhi ya watabibu wenzangu. Antibayotiki haitibu jino. Dawa ukimeza inasafiri na damu, na jino lililokufa halina damu inayoingia ndani yake, kwahiyo dawa inafika mlangoni inaishia hapo. Wewe unalima ufuta utanielewa, ni sawa na kuwaua panya wanaozunguka ghalani ukaacha shimo wanakozaliana, wiki mbili tu wamerudi na wengine zaidi. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kilitoa mwongozo 2019 kikasema wazi kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri anayeumwa jino, ata akiwa na jipu dogo pale kwenye fizi, asipewe antibayotiki kama anaweza kufanyiwa tiba ya jino lenyewe, antibayotiki inaingia pale maambukizi yameshaanza kusambaa mwilini, kuna homa, uchovu, uvimbe unaoenea. Mume wako kwa uvimbe ulionieleza yuko kwenye kundi la kuzihitaji, lakini pamoja na kuondoa chanzo, sio badala yake. Kuondoa chanzo ni kufungua jino usaha utoke, au kupasua jipu, au kung'oa. Hakuna njia ya nne.

Kwahiyo alizoanza asiziache njiani, aendelee nazo mpaka daktari aamue, na mbebe boksi au karatasi ya dawa zote alizokunywa toka siku ya kwanza maana daktari akijua amoksilini imeshatumika mara mbili na imeshindwa atapanga kitu kingine. Kama aliwahi kuvimba au kutoka vipele akitumia dawa za jamii ya penisilini mseme mapema, msisubiri kuulizwa. Na wakimuongezea metronidazo, ile wengi mnaiita Flagyl, pombe aweke pembeni mpaka imalizike.

Maumivu ya usiku wa leo nayo sikuachi nayo. Umesema anatumia diklofenaki, basi asichanganye na ibuprofeni wala aspirini, hizo ni ndugu wa tumbo moja, ukizirundika unaumiza tumbo na figo na nafuu haiongezeki. Anachoweza kuongeza juu ya diklofenaki ni parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa 8, ila soma kwanza pakiti yake maana kuna diklofenaki zinazouzwa zikiwa zimeshachanganywa na parasetamoli ndani, ukiongeza nyingine unampa dozi mbili bila kujua. Asiye na diklofenaki anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 pamoja na hiyo parasetamoli, vyote kila masaa 8 baada ya kula, na kwa maumivu ya jino mchanganyiko huo unafanya kazi vizuri sana, kwa wengi kuliko vidonge vikali vinavyolevya. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, mwenye pumu inayochokozwa na aspirini, na mama mjamzito, abaki na parasetamoli peke yake. Alale ameegemea mito miwili mitatu, asukutue na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi inatosha, na nje ya shavu aweke kitambaa chenye maji baridi.

Karafuu je? Mafuta ya karafuu yana kitu kinachotia ganzi kweli, bibi zetu wa Pemba hawakukosea, pamba ndogo iliyochovywa ikawekwa ndani ya tobo inakupa saa moja mbili za kupumua. Ni ya kukuvusha usiku tu, na isimwagike kwenye fizi inaunguza. Ila maji ya betri, petroli, ugoro, kidonge cha aspirini kilichosagwa kikabandikwa kwenye fizi, hivyo nimeviona vyote midomoni mwa watu na vyote vinaacha kidonda cha kuungua juu ya shida ileile.

Turudi kwa mama mkwe maana ana hoja yake na haikutoka hewani. Zamani watu waling'olewa jino limevimba wakapiga kelele mpaka nje ya jengo, na sababu ipo, sehemu yenye usaha inakuwa na tindikali na ganzi ikichomwa palepale haishiki vizuri. Wagonjwa waliopitia hayo wakaenda kusimulia vijijini na hadithi ikageuka sheria. Lakini kwa meno ya chini ya nyuma hatuchomi kwenye uvimbe, tunachoma kule nyuma ya taya ambako mshipa wa fahamu unaingilia kwenye mfupa, mbali na usaha, upande mzima wa taya mpaka nusu ya mdomo wa chini unakufa ganzi. Ikigoma mara ya kwanza tunarudia, tunasubiri dakika kumi, tunapima kwanza. Una haki ya kumwambia daktari "bado nasikia" na daktari mzuri atasimama. Kuna nyakati chache kweli daktari ataahirisha kung'oa, kwa mfano mdomo haufunguki kabisa vifaa haviingii, hapo atapasua usaha utoke kwanza na kumuwekea dawa za mshipani alafu jino litoke baada ya siku moja mbili, au amlaze kwa dawa ya usingizi thieta. Lakini uamuzi huo unafanyika kwenye kiti cha daktari akiwa ameshamuona. Haufanyiki jikoni.

Na wapo watakaokwambia jino la juu liking'olewa macho yanaharibika. Mshipa wa kuonea unatoka nyuma ya jicho unaenda moja kwa moja kwenye ubongo, haupiti kwenye meno, kung'oa jino hakuugusi. Kinachoweza kupanda kwenye jicho ni usaha wa jino la juu lililoachwa bila kutibiwa, hasa lile la chonge. Yani watu wanaogopa tiba wanaacha kuogopa ugonjwa.

Kwanini nakazania jino la chini la mwisho? Kwa sababu mizizi ya yale magego mawili ya nyuma inashuka chini kupita pale ambapo msuli wa sakafu ya mdomo umejishika kwenye taya. Usaha ukitoboa mfupa kule chini hautoki mdomoni ukautema, unaingia chini ya taya na kuelekea shingoni, unavuka upande wa pili, ulimi unasukumwa juu na nyuma mpaka unaziba njia ya hewa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliuandika ugonjwa huu 1836 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake, kabla antibayotiki hazijapatikana zaidi ya nusu ya waliopata walikufa, na waliokufa wengi walikosa hewa. Siku hizi tunawaokoa walio wengi, lakini kwa kuwalaza, kuwapasua shingo kutoa usaha, wengine mpaka kutobolewa koo wapate kupumua. Nilimpokea kijana mmoja miaka ya nyuma amekaa wima nyuma ya pikapu, ameshika ndoo mikononi mate yanadondokea humo kwa sababu hawezi kumeza, siku ya kumi na moja ya jino, mfukoni ana pakiti tatu za vidonge vya rangi mbili. Alipona, alikaa wodini wiki mbili na nusu. Jino lenyewe lilipotoka lilichukua dakika nne. Nikiona ujumbe kama wako naiona ile ndoo.

Sasa mkifika hosptali. Watu wengi wanakosea mapokezi. Ukisema "ana jino linauma" utaambiwa kliniki ya meno inafunguliwa asubuhi, au njoo jumatatu, na aliyekujibu hana nia mbaya, kasikia neno jino. Sema hivi: "Ana uvimbe wa taya unaoongezeka, mdomo haufunguki vizuri, ana homa, kumeza kunamsumbua", taja yale aliyonayo kweli, na uombe aonwe na daktari wa zamu. Daktari wa zamu ata kama sio wa meno anaweza kuweka dripu, kuchoma dawa ya mshipani, kupima sukari, kupasua jipu lililoiva, na kuandika rufaa. Kwa huko kwenu rufaa inaweza kuwa Sokoine pale Lindi mjini, au Ndanda, au Ligula Mtwara, kutegemea mko upande gani, kwahiyo muwe na mtu wa kwenda naye mwenye simu yenye chaji. Sukari wapime ata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari, nimekutana na watu wengi waliogundulika kupitia jipu la jino, na mwenye kisukari maambukizi yanamtembelea haraka kuliko wengine. Hivohivo anayeishi na VVU au anayetumia dawa za kushusha kinga, aseme.

Kama hana dalili za hatari na anaenda kung'olewa kwa ganzi ya kawaida basi ale kwanza asubuhi, uji au kitu laini, watu wanazimia kwenye kiti sio kwa maumivu bali kwa njaa na hofu.

Hela. Najua hili ndo jiwe lenyewe na sitajifanya silioni. Mwenye bima abebe kadi, kung'oa jino kwenye bima nyingi kumo. Asiye nayo, kung'oa jino hosptali ya serikali ni moja ya huduma za bei ndogo kabisa, inayokula hela ni kulazwa na thieta, yani kusubiri mnada ndo njia ya kuifanya bili iwe kubwa. Kopa kikoba nauli na hela ya kung'olea, na mkifika mkakwama uliza ofisi ya ustawi wa jamii, hosptali za serikali zinayo na kazi yake ni kusikiliza mtu asiye na uwezo, mueleze ukweli wako utaratibu wa kulipa kidogokidogo au kupunguziwa upo. Usimrudishe mgonjwa nyumbani kimyakimya kwa aibu ya hela, tafadhali sana.

Ila usimpeleke kwa yule fundi wa gulioni anayeng'oa kwa koleo. Mzizi unavunjikia ndani, na koleo lisilochemshwa vizuri linahamisha homa ya ini na VVU kutoka mdomo hadi mdomo.

Kuhusu kulitunza jino badala ya kulitoa: gego la mwisho kabisa nyuma wala msihangaike, likishafika hapo mara nyingi tunalitoa na mtu anatafuna vizuri bila lenyewe. Ningekuwa na maneno mengine kama lingekuwa lile gego linaloota kwenye miaka 6, au jino la mbele, hayo inafaa kuuliza kama linaweza kusafishwa mzizi na kuzibwa, huduma hiyo wilaya nyingi haipo ila hosptali za mikoa na kliniki za mjini zipo zinazofanya, na daktari wa wilaya anaweza kulifungua tu usaha na presha vitoke, maumivu yakaisha siku hiyohiyo, alafu ukajipanga.

Wanaosoma hapa wakiwa wajawazito msiogope, ganzi ya meno ya kawaida, kung'oa, parasetamoli na amoksilini kwa asiye na mzio navyo ni salama kwenu, maambukizi yaliyoachwa ndo hatari kwa mama na mtoto. Na mtoto mdogo aliyevimba uso kwa jino msimsubirishe ata usiku mmoja, kwao inakwenda haraka na dozi zake zinapimwa kwa kilo.

Akishang'olewa aume ile pamba nusu saa mpaka dakika arobaini na tano bila kuifungua kila saa kuangalia. Siku hiyo asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara, asinywe chai ya moto, lile bonge la damu ndo plasta yake. Kesho yake aanze maji ya chumvi taratibu. Damu ikirudi, aume pamba safi au kitambaa safi kilicholoweshwa nusu saa nyingine, ikigoma arudi hosptali. Uvimbe na taya kukaza vinaweza kukaa siku mbili tatu ndo vipungue, hiyo ni kawaida, lakini vikiongezeka baada ya siku ya tatu, au maumivu makali mapya yakianza siku ya pili mpaka ya nne yenye harufu na ladha mbaya, arudi pale pale waone kidonda.

Dada, kafanye kile kipimo cha vidole sasaivi kabla hajalala. Alafu niandikie vimeingia vingapi na kama anameza mate, simu yangu iko wazi usiku huu naisubiri.